Mzazi Asiishie Getini: Nafasi ya Wazazi katika Madarasa ya Awali na Vituo vya Malezi Kibirizi

Matini ya mazungumzo kwa wazazi, walezi, walimu wa awali na viongozi wa mitaa

  

Mazungumzo haya yanahusu jambo moja tu, nalo ni namna ya kumfanya mzazi wa Kibirizi awe mshiriki wa kweli katika maisha ya mtoto wake anapokuwa darasa la awali au katika kituo cha malezi. Si ushiriki wa kulipa mchango na kuondoka, wala wa kutia saini katika daftari la mahudhurio ya mkutano. Ni ushiriki wa mtu anayejua mwanawe anajifunza nini, anacheza na nani, anakula nini, na anarudi nyumbani na lipi moyoni.

Ni vema kuanza na hali ilivyo. Kibirizi ni kata ya ziwa. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa mwanga wa taa, na mitumbwi hurejea alfajiri. Akina mama huipokea na mabeseni yao; wapo wanaonunua, wapo wanaoanika, wapo wanaokimbiza mzigo sokoni Mwanga au stesheni. Hapo pia hupakiwa maboti ya abiria na mizigo yaendayo Gombe, Mwamgongo na Kagunga. Kwa hiyo saa ambayo mtoto wa miaka mitano anapaswa kupelekwa shule ndiyo saa ambayo baba anatafuta usingizi baada ya kukesha majini, na mama yuko katikati ya biashara ambayo haimngoji mtu, kwa kuwa dagaa aliyechelewa kuanikwa ni hasara.

Matokeo yake, watoto wengi wa awali hupelekwa shule na watoto wenzao. Dada wa darasa la tatu humshika mkono mdogo wake, humfikisha mlangoni, kisha hukimbilia darasani kwake. Mwalimu humpokea mtoto kutoka mkononi mwa mtoto. Dada huyo hawezi kumweleza mwalimu kwamba mdogo wake alikuwa na homa usiku, kwamba ametoka nyumbani bila kutia kitu tumboni, au kwamba tangu juzi analia kwa sababu mama amesafiri. Mchana hali ni ileile: mwalimu anamkabidhi mtoto kwa mtoto, na neno alilotaka kumfikishia mzazi linabaki shuleni. Ikipita miezi kumi ya namna hiyo, mwaka umekwisha, na watu wawili wanaomhusu mtoto huyo kuliko wengine wote hawajawahi kuzungumza.

Hapo ndipo penye hasara ambayo haionekani kwa macho. Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa amehesabiwa kuwa amepita awali, lakini haijulikani kama anasikia vizuri, kama anaona ubao, kama anaogopa, au kama anaelewa Kiswahili cha mwalimu. Yapo maboma Kibirizi ambamo Kiha ndicho kinachosemwa zaidi, na yapo ambamo lugha za ng'ambo ya ziwa ndizo za jikoni. Mtoto aliyenyamaza darasani anaweza kudhaniwa kuwa mzito wa kuelewa, kumbe ni msemaji hodari katika lugha ya bibi yake. Mzazi ndiye pekee anayeweza kumwambia mwalimu hilo, na likisemwa wiki ya kwanza linaokoa mwaka mzima.

Ndugu wazazi, ipo kauli inayosikika mara kwa mara: elimu ni bure, basi mtoto ni wa serikali mpaka saa ya kurudi. Kauli hiyo inahitaji kurekebishwa kwa upole. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi wa elimu. Sera ya mwaka 2014 ikaongeza uzito wake kwa kuifanya kuwa ya lazima. Kisha, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, serikali ikafuta ada kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Watoto wengi walifurika madarasani, na hilo ni jambo la heri. Lakini kufutwa kwa ada hakukufuta uzazi. Sare, madaftari, chakula cha mtoto anaposhinda shuleni, na ufuatiliaji wa maendeleo yake vilibaki mikononi mwa mzazi.

Sheria nayo inasema hivyo. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inamtaja mzazi kuwa na wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maelekezo. Na katika orodha hiyohiyo, sheria inataja haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika. Wengi husoma orodha hiyo na kuishia kwenye chakula na mavazi. Kucheza kumewekwa hapo kwa makusudi, maana kwa mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, mchezo ndio njia yake kuu ya kuujua ulimwengu.

Hapa inafaa kufafanua aina za huduma zilizopo, kwa sababu zinachanganywa. Darasa la awali liko ndani ya shule ya msingi, linasimamiwa na idara ya elimu ya awali na msingi, na hupokea mtoto mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho wengi hukiita chekechea, hupokea walio wadogo zaidi, na kinasimamiwa kwa upande wa ustawi wa jamii. Kituo hicho kinapaswa kusajiliwa, na maombi hupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Vituo vya aina hii si vigeni nchini. Tangu mwaka 1981 palikuwa na sheria maalumu ya vituo vya kulelea watoto mchana, na mwaka 2009 mambo yake yaliingizwa katika Sheria ya Mtoto. Mzazi anapompeleka mwanawe kituoni ana haki ya kuuliza kama kituo kimesajiliwa, nani analala zamu ya kuangalia watoto wakati wa usingizi wa mchana, choo kiko wapi, maji ya kunywa yanatoka wapi, na kama pana uzio upande wa ziwa. Mlezi mwaminifu hachukizwi na maswali hayo.

Swali la uzio lina uzito wa pekee Kibirizi. Mtoto wa miaka minne asiye na mahali pa kushinda huufuata ufuko, kwa sababu ndiko mama yake aliko na ndiko kwenye mambo ya kuvutia. Ziwa Tanganyika halina upole wa kina kirefu kinachoanza mbali. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, na mahali pengi mwambao wake unaporomoka ghafla. Kituo cha malezi kilicho salama ni kinga ya uhai kabla hata ya kuwa mahali pa kujifunza herufi.

Desemba 2021 taifa lilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ijulikanayo kwa kifupi PJT-MMMAM, ya kuanzia mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo inamtazama mtoto tangu mimba hadi umri wa miaka minane, na inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Ukiyatazama matano hayo, utaona hakuna hata moja ambalo mwalimu anaweza kulitimiza peke yake. Malezi yenye mwitikio maana yake ni mtu mzima kumjibu mtoto: anapouliza ajibiwe, anapolia atafutwe kinacholiza, anapoonyesha alichokichora atazamwe. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumjibu kila mmoja kila mara. Kiwango kinachopendekezwa nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na kila anayeingia katika shule zenye msongamano anajua umbali uliopo kati ya kiwango na hali halisi. Upungufu huo ni wajibu wa serikali kuupunguza. Hata hivyo, wakati madarasa na walimu vikiendelea kuongezwa, mtoto wa mwaka huu hawezi kuambiwa asubiri kukua.

Je, mchango wa mzazi asiye na kisomo kikubwa una maana yoyote? Jibu lipo, na limepimwa. Mjini Kingston, Jamaica, mwaka 1986 watafiti waliwachukua watoto 129 waliokuwa wamedumaa, wenye umri kati ya miezi tisa na miaka miwili. Baadhi ya familia zilitembelewa kila wiki na wahudumu wa afya ya jamii kwa muda wa miaka miwili. Wahudumu hao hawakupeleka vifaa vya gharama. Walimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto hao, sasa watu wazima, walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao familia zao hazikutembelewa kwa namna hiyo. Kilichobadilika katika nyumba zile kilikuwa mazungumzo kati ya mama na mtoto.

Mfano wa karibu zaidi uko pwani ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980, mjini Mombasa, wazazi wa Kiislamu walitaka watoto wao wapate maandalizi ya shule bila kupoteza mafunzo ya dini. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Swafiya Said, zikaanzishwa shule za awali za jamii zilizounganisha mambo hayo mawili. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Nguvu yake haikuwa katika majengo. Jamii yenyewe ilitoa mahali, ilichagua kamati ya kuendesha shule, na ilitoa akina mama wa mtaa huohuo wakafunzwa ualimu. Vifaa vya kujifunzia vilitoka katika mazingira: vifuu, mbegu, makopo, vitambaa na magamba ya baharini. Mzazi aliyechonga kifaa kwa mkono wake alikuwa na sababu ya kurudi kukiona kikitumika.

Mkoa wa Kigoma nao una kumbukumbu yake. Ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopitiwa na mpango wa EQUIP-T ulioanza mwaka 2014, ambao uliwafikia watoto waliokaa mbali na madarasa ya awali kwa kozi fupi ya utayari wa kuanza shule, ikiongozwa na wasaidizi waliotoka katika jamii hiyohiyo, yenye hadithi, nyimbo na michezo. Kigoma pia ni miongoni mwa mikoa tisa ya mpango wa Shule Bora. Katika juhudi hizo umejengwa ushirikiano wa wazazi na walimu, unaojulikana kwa kifupi cha UWAWA, ambao unampa mzazi wa kila darasa mwakilishi wa kumsemea. Mahali ambapo UWAWA uko hai, mzazi ana mlango wa kubisha. Mahali ambapo umebaki majina kwenye karatasi, kazi iliyopo ni kuufufua, na darasa la awali ndilo pa kuanzia, kwa sababu mzazi aliyezoea kufika shule mwanawe akiwa awali hataacha kufika akiwa darasa la tano.

Ndugu walimu na viongozi, sasa ni zamu ya upande wa pili. Si haki kumlaumu mzazi kwa kutofika mkutanoni ikiwa mkutano umeitwa saa tatu asubuhi, siku ambayo dagaa wamejaa mwaloni. Kwa mama mwanikaji, kuhudhuria mkutano huo ni kuchagua kati ya kikao na chakula cha jioni. Ratiba nyingi za shule zimepangwa kana kwamba wazazi wote ni watumishi wanaoweza kuomba ruhusa. Mvuvi haombi ruhusa kwa samaki.

Lakini ziwa lenyewe lina kalenda, na kalenda hiyo inafahamika kwa kila mtu wa Kibirizi. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa kama usiku wa giza, na mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo baba yupo nyumbani, nyavu zinashonwa, na mama ana nafasi. Basi mikutano ya wazazi wa awali na ipangwe katika siku za mbalamwezi, saa kumi alasiri, jua likiwa limepoa. Tarehe za mwezi mpevu zinajulikana mwaka mzima kabla. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kuziandika kwenye ubao wa matangazo tangu Januari. Vilevile uvuvi unaposimamishwa ili samaki wazaliane, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nafasi hiyo itumike kwa kazi kubwa zaidi: kukarabati uwanja wa michezo, kutengeneza mikeka, kuezeka kibanda cha kupikia uji. Akina baba wapo, na mikono yao inajua kamba, mbao na misumari.

Pia si lazima mzazi ndiye afuate shule kila mara. Mwalimu wa awali na mwakilishi wa wazazi wanaweza kufika mwaloni mara moja kwa mwezi, wakakaa na akina mama wanapogeuza dagaa, wakazungumza nao robo saa. Taarifa inayotolewa pale, mbele ya kazi ya mtu, hupokewa kwa heshima. Na pale ambapo dada mdogo ndiye mpelekaji, mwalimu anaweza kutumia kijidaftari kidogo cha mawasiliano kinachokaa ndani ya mkoba wa mtoto. Mzazi asiyesoma atasomewa na jirani au na kijana wa nyumbani. Mzazi mwenye simu atapigiwa. Neno la mwalimu lisilale shuleni.

Ndugu wazazi, mambo ambayo mzazi wa Kibirizi anaweza kuyafanya bila kupoteza siku yake ya kazi ni haya.

La kwanza ni kumfikisha mtoto mwenyewe, au mtu mzima wa nyumbani kumfikisha, angalau siku moja kwa wiki. Siku hiyo asiishie getini. Aingie, amsalimie mwalimu, atazame kona za ujifunzaji, aulize maswali matatu: anacheza na nani, anapenda nini, na nini kinamshinda. Dakika tano zinatosha.

La pili ni kuzungumza na mtoto jioni. Swali la "umesoma nini leo?" humkausha mtoto mdogo, kwa kuwa hajioni kama anayesoma. Afadhali aulizwe aliimba nini, alijenga nini, nani alianguka, hadithi ilimhusu mnyama gani. Akijibu kwa Kiha, ajibiwe kwa Kiha, akichanganya, asichekwe. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya nyumbani hujifunza Kiswahili cha darasani kwa urahisi zaidi kuliko mtoto aliyezoeshwa kunyamaza. Mabibi na mababu wana nafasi kubwa hapa. Ngano na vitendawili vya jioni ni somo la lugha, la kumbukumbu na la kusikiliza kwa utulivu.

La tatu ni kutumia kazi za nyumbani kama darasa, kwa kiasi. Mama anapochambua dagaa, mtoto anaweza kutenganisha wakubwa na wadogo. Anapopima, mtoto ahesabu makopo kwa sauti. Anapopanga sahani, mtoto agawe moja kwa kila mtu. Baba anaposhona wavu, mtoto ahesabu vifundo au ataje rangi za kamba. Mtoto anayecheza mdako na wenzake anajifunza kuhesabu, kulenga na kungoja zamu. Lakini pawe na mpaka: dakika chache za kucheza na kazi ya mama ni malezi, kumwamsha usiku wa manane akabebe beseni, au kumzuia shule ili alinde dagaa wasiliwe na kunguru, ni kumwibia utoto wake.

La nne ni vifaa. Vizibo vya chupa, magunzi ya mahindi, makopo yaliyooshwa vizuri yasiyo na ncha kali, vipande vya khanga, mbegu za michikichi, vipande vya nyavu kuukuu, kokoto laini za ufukoni: vyote hivyo ni mali katika darasa la awali. Fundi wa mitumbwi anaweza kutoa vipande vya mbao vilivyolainishwa viwe matofali ya kujengea. Vifaa vidogo mno visipewe watoto wadogo kabisa, wasije wakavimeza. Mzazi asiye na shilingi ya kutoa ana kitu cha kutoa.

La tano ni uji. Mtoto mwenye njaa hajifunzi, na umbo lake hudumaa pamoja na fikra zake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kibirizi haina sababu ya kuwa sehemu ya hesabu hiyo, ikiwa imekaa juu ya dagaa na imezungukwa na mkoa wa mawese, maharage na muhogo. Wazazi wa awali wakikubaliana wenyewe katika mkutano, na utaratibu wa kibali ukafuatwa, unga, sukari na kuni vinaweza kuchangwa kwa zamu. Anayeweza kutoa unga atoe unga. Asiye nao apike au achote maji. Hesabu zisomwe hadharani kila mwezi, kwa maana wengi hawakatai kuchangia, wanakataa kutojua kilichochangwa kimekwenda wapi. Na jambo moja lieleweke wazi: hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani, kunyimwa kikombe au kuaibishwa mbele ya wenzake kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Mchango ni jambo la watu wazima, na huzungumzwa na watu wazima.

La sita linawahusu akina baba peke yao. Katika mikutano mingi ya awali, viti vya akina baba huwa vitupu, kana kwamba mtoto mdogo ni shughuli ya jikoni. Baba anayekesha ziwani anastahili kulala, hakuna anayempinga. Lakini akiamka alasiri, mtoto amekwisha rudi na anamngoja. Nusu saa ya baba kusimulia mambo ya ziwa, majina ya samaki, tofauti ya kuhe na mgebuka, namna upepo unavyobadilika, humpa mtoto maarifa ambayo mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine hana. Na mwalimu mwenye busara atamwalika baba huyo darasani siku moja, aje na kipande cha wavu na kasia, awaonyeshe watoto kazi yake. Mtoto atakayemwona baba yake amesimama mbele ya darasa akisikilizwa hatausahau mwaka huo.

Wapo wazazi wanaoona haya kuingia shuleni kwa sababu wao wenyewe hawakumaliza shule, au walitoka humo kwa viboko. Hao ndio wanaohitaji kupokewa vizuri kuliko wote. Mwalimu anayemkaribisha mzazi kwa kiti na salamu kabla ya lawama amefanya nusu ya kazi. Mzazi akiitwa siku mtoto amekosea tu, shule humgeukia kituo cha polisi. Aitwe pia siku mtoto ameweza kufunga vifungo vyake, ameimba bila woga, ameshirikiana na mwenzake aliyekuwa akigombana naye.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema mkono upi unatosha zaidi, wa nyumbani au wa shule. Walisema mmoja hautoshi. Walimu wa awali wa Kibirizi wana mkono wao, na wameunyoosha katika madarasa yaliyojaa. Vituo vya malezi vina wao. Serikali za mitaa zina wao, na zinapaswa kuulizwa kila panapoonekana pengo la choo, la maji au la mwalimu. Uliobaki ni wa mzazi.

Kwa hiyo maombi kwa mkutano huu ni matatu, na yote yanaweza kukamilishwa kabla ya mwezi mpevu ujao. Kila darasa la awali na kila kituo kichague wawakilishi wawili wa wazazi, mmoja mama na mmoja baba. Tarehe za mikutano ya mwaka zipangwe kwa kufuata mbalamwezi na zibandikwe shuleni, ofisi ya mtaa na mwaloni. Na kila mzazi achague siku yake moja ya wiki ya kumfikisha mtoto na kuingia ndani. Mwenye shida inayomzuia, iwe ya ugonjwa, ya safari au ya mtoto mwenye ulemavu anayehitaji msaada wa pekee, amwone mwakilishi wa darasa, afisa elimu kata au ofisi ya ustawi wa jamii. Hakuna gharama ya kuuliza.

 Walimu wa awali wapo hapa mpaka jua litakapotua, na daftari la wawakilishi liko mezani.